Picha na balozi haijauza nchi, tafuta siku aliyosema hapana

Swali: Mwalimu shikamoo. Kuna mwanasiasa nilikuwa namkubali sana tangu niko chuo. Sasa hivi kila wiki namuona kwenye picha na balozi, leo wa nchi hii kesho wa ile, juzi kaalikwa nje siku kumi. Wapinzani wake wanasema ni kibaraka wa mabeberu na watu wameanza kuamini, na wahenga walisema lisemwalo lipo. Sitaki kudanganywa na upande wowote. Nitajuaje kama mtu ametuuza kweli? Na hawa waliopo serikalini wanaochukua mikopo huko huko nje, mbona wao hawaitwi vibaraka?

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu na nimefurahi kwamba hujataka nikutajie ndiyo au hapana, umeuliza utajuaje, maana wengi wanataka jina la msaliti kabla hawajajua usaliti wenyewe unafananaje. Mimi nimefundisha diplomasia miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa nakaa kwenye vikao vya namna hiyo kama mwandika kumbukumbu, yule anayekaa pembeni na daftari haongei kitu, kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Tuanze na hizo picha. Upo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia, karibu nchi zote duniani zimeingia, na ndani yake kazi za ubalozi zimetajwa, mojawapo ni kujua hali ya nchi aliyopo kwa njia halali na kuripoti kwao. Sasa balozi atajuaje hali ya nchi bila kuongea na watu? Ataongea na mawaziri, ataongea na upinzani, viongozi wa dini, wafanyabiashara, waandishi wa habari. Balozi asiyeongea na upinzani hafanyi kazi yake, siku upinzani ukishinda uchaguzi atakuwa hana namba ya simu ya mtu hata mmoja. Mkataba huo huo ibara ya 41 unamkataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyopo, na ibara ya 9 inairuhusu nchi kumwambia aondoke bila hata kueleza sababu. Kwa hiyo ukisikia serikali inalia kwamba fulani anapanga njama na balozi fulani, halafu balozi mwenyewe bado yupo, anaalikwa ikulu kwenye hafla anakula na kunywa, hapo jiulize vizuri, maana dawa wanayo mkononi na hawajaitumia.

Halafu picha ni kitu kilichowekwa hadharani. Sisi kule kilichokuwa kinatukosesha usingizi ni kikao kisicho na daftari. Kikao cha kawaida kina watu wawili watatu kila upande, kuna anayeandika, kesho yake kuna taarifa kwenye faili wizarani, hata kiongozi akisahau alichoahidi faili linakumbuka. Ila ukiona kiongozi anamwambia mwandishi wake asubiri nje, au anatumia mkalimani wa upande wa pili, au anarudi safari na hakuna mtu hata mmoja ofisini anayejua waliongea nini, hapo hata kama hakuna baya lililosemwa amejinyima mwenyewe ushahidi wa kumtetea. Julai 2018 Trump na Putin walikaa Helsinki kwa takribani masaa mawili wao wawili na wakalimani tu, mpaka leo watu wanabishana kilichoongelewa mle ndani na hakuna wa kuwaamulia.

Na kwa vile nimeigusa hiyo ya Marekani, ina funzo moja watu hawalipendi, wa pande zote mbili. Ripoti ya 2019 ya Mueller, mchunguzi maalumu aliyepewa kazi ya kuchunguza jambo hilo, ilisema mambo matatu tofauti: kwamba Urusi iliingilia uchaguzi wa 2016 kwa mapana na kwa mpangilio, kwamba kulikuwa na mawasiliano mengi kati ya watu wa kampeni ya Trump na Warusi, na kwamba ushahidi haukutosha kuthibitisha njama ya pamoja. Wengi walichukua sentensi moja wakaacha mbili. Wewe usifanye hivyo kwa huyo wako. Kukutana na mgeni ni jambo moja, mgeni kukupenda ushinde ni jambo la pili kabisa, na kukubaliana naye kufanya kitu dhidi ya watu wako ni la tatu, na hilo la tatu haliwezi kuthibitishwa na ushahidi wa yale mawili ya kwanza hata ukiurundika mpaka dari.

Sasa kwenye lisemwalo lipo nakukatalia, na nakukatalia kwa uchungu kwa sababu methali hiyo kwenye mambo ya uhaini imeua watu. Ufaransa mwaka 1894 ilikamata barua iliyotoka kwenye kapu la taka la ubalozi wa Ujerumani pale Paris, barua inaonyesha kuna ofisa wa jeshi anauza siri. Wakamwangukia kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, ukoo wake unatoka Alsace, eneo ambalo Ujerumani ilikuwa imelichukua, basi ikatosha, watu wakasema si unaona. Akavuliwa vyeo mbele ya umati, akapelekwa kifungo cha maisha kwenye kisiwa huko pwani ya Guiana. Miaka miwili mbele mkuu wa upelelezi, Picquart, akagundua mwandiko ni wa ofisa mwingine, Esterhazy, na jeshi lilichofanya ni kumhamisha Picquart apelekwe mbali, na Esterhazy alipofikishwa mahakamani 1898 akaachiwa. Dreyfus alikuja kusafishwa kabisa 1906, miaka 12 toka ahukumiwe. Unaona kilichotokea hapo? Siri zilikuwa zinauzwa kweli. Lililosemwa lilikuwepo, ila halikuwepo kwa aliyesemwa, na muda wote umma unapiga kelele kwa mtu mwenye asili ya kutiliwa shaka, muuzaji mwenyewe alikuwa anatembea na sare yake.

Mfano wa karibu zaidi ni Zimbabwe. Februari 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, mkanda wa video uliorekodiwa kwa siri Montreal ukarushwa kwenye televisheni, kiongozi wa upinzani Morgan Tsvangirai anaonekana akiongea na mshauri mmoja anaitwa Ari Ben-Menashe, ikasemwa anapanga kumuua Rais Mugabe kwa msaada wa watu wa nje. Kosa la uhaini, adhabu yake kifo. Kesi ikaenda mpaka Oktoba 2004, kwenye ushahidi ikabainika kwamba kampuni ya shahidi mkuu ilikuwa na mkataba wa kulipwa na serikali hiyo hiyo ya Mugabe, jaji akamuona shahidi si wa kuaminika na Tsvangirai akaachiwa huru. Lakini uchaguzi ulishapita zamani. Yaani neno kibaraka halikuhitaji kushinda kesi, lilihitaji kufika siku ya kura tu.

Kuna na ndugu yake neno hilo, lile la "kwani huyu baba yake anatoka wapi". Kenneth Kaunda aliiongoza Zambia miaka 27, na mwaka 1999 mahakama kuu ikatamka si raia kwa sababu wazazi wake walitoka upande ambao leo ni Malawi. Ouattara wa Ivory Coast alizuiwa kugombea mwaka 2000 kwa hoja ya uraia wa wazazi, nchi ikaingia vitani miaka miwili baadae na suala la nani ni raia likiwa katikati ya ugomvi, na yeye ndiye rais tangu 2011. Ukisikia hoja za damu na ukoo kwenye suala la uaminifu wewe pita, hakuna cha maana humo.

Lakini usije ukadhani nasema hakuna wanaouza. Wapo, na nimeona kwa macho watu wazuri wakiteleza. Ila kabla sijaenda huko nataka nikupe kesi moja niielezee taratibu kwa sababu ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu kila mwaka, na ndani yake kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Juni 1940 Ufaransa imeshindwa vita na Ujerumani. Jenerali mmoja ambaye wengi hawamjui, Charles de Gaulle, anapanda ndege kwenda London na kesho yake tarehe 18 anahutubia Wafaransa kupitia redio ya BBC, redio ya nchi nyingine, anawaambia vita haijaisha. Anaishi London, anakula pesa ya Waingereza, askari wake wanavalishwa na kulishwa na Waingereza. Ukimpima kwa kipimo cha mtaani huyo ni kibaraka hakuna mjadala, na serikali iliyobaki Ufaransa ilisema hivyo hivyo, mahakama yake ya kijeshi ilimhukumu kifo mwezi Agosti mwaka huo huo. Upande wa pili kuna Marshal Pétain, mkuu wa serikali hiyo iliyobaki, shujaa wa vita ya kwanza, mzee anayeheshimika, yeye hakukimbia, kabaki nyumbani na wananchi. Oktoba 1940 anakutana na Hitler pale Montoire wanapeana mikono na siku chache baadae anawatangazia Wafaransa kwamba sasa ni kushirikiana na Ujerumani.

Yupi ameuza nchi? Angalia walivyofanya dili zao na wageni. De Gaulle alisaini makubaliano na Churchill tarehe 7 Agosti 1940, yameandikwa, yakatangazwa. Yanasema pesa ya Waingereza itawekewa hesabu yake pembeni, ni deni, siyo zawadi. Yanasema jeshi lake halitabeba silaha dhidi ya Ufaransa hata siku moja. Yaani mtu hana nchi, hana pesa, yuko ugenini, na bado anamwandikia mfadhili mpaka wa kile ambacho hatafanya. Halafu miaka yote ile ya vita aligombana na Churchill mpaka Churchill akawa anatamani kumtupa, kuhusu Syria, kuhusu Afrika Kaskazini, kuhusu kila kitu. Na alipokuja kuwa rais, Uingereza ikaomba kuingia Jumuiya ya Ulaya, de Gaulle akaikatalia 1963, ikaomba tena akaikatalia 1967. Nchi iliyomlisha! Wengine wanaona hana shukrani, mimi hapo naona mtu ambaye alisaidiwa bila kununuliwa. Pétain, aliyebaki nyumbani na bendera, vyombo vya serikali yake ndivyo vilivyowakamata Wayahudi na kuwakabidhi kwa Wajerumani, na mwaka 1945 akahukumiwa kifo kwa uhaini, de Gaulle akaibadilisha kuwa kifungo cha maisha.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: tafuta siku aliyomwambia huyo mgeni hapana. Mtu anaweza kupokea msaada, anaweza kusoma kwao, anaweza kukaa uhamishoni kwao miaka, Mandela alipata mafunzo ya kijeshi Ethiopia na chama chake kilisaidiwa na Wasovieti na Wasweden kwa wakati mmoja, na alipotoka jela hakuna hata mmoja wao aliyemwamulia nani awe rafiki yake. Lakini ukipekua miaka mitano sita ya mtu na hujaona hata mara moja amepinga jambo ambalo nchi fulani inalitaka, na jambo lenyewe lilikuwa linawaumiza watu wake, hapo anza kuwa na wasiwasi kwelikweli.

Sasa wanaoteleza huwa wanateleza vipi. Watu wanafikiria sanduku la pesa usiku kwenye maegesho ya magari, lakini mara nyingi inaanza na kitu kidogo mpaka unaona aibu kukikataa. Australia alikuwepo seneta kijana, Sam Dastyari. Alizidisha matumizi ya safari za ofisi kwa dola 1,670, akaomba kampuni ya mtu aliye karibu na serikali ya China imlipie, ikamlipia. Bili nyingine ya mwanasheria, dola 5,000, ikalipwa na tajiri mwingine, mfadhili mkubwa wa vyama. Ni hela ambayo seneta angeweza kuilipa mwenyewe. Juni 2016 akasimama mbele ya waandishi wa Kichina, huyo tajiri yuko pembeni yake, akasema kuhusu Bahari ya China Kusini kitu kilichopinga msimamo wa chama chake mwenyewe na kikafanana na msimamo wa Beijing. Sauti ikavuja, na ikajulikana pia alimuonya tajiri huyo kwamba simu yake huenda inasikilizwa, na Desemba 2017 akatangaza kuachia useneta. Sitaki uangalie kiasi, angalia ule mgeuko: msimamo wake ulikuwa pale, bili ikalipwa, msimamo ukawa huku. Na angalia jinsi ilivyogundulika, ile ya kulipiwa aliiandika mwenyewe kwenye rejista ya maslahi ya wabunge kama sheria inavyotaka, waandishi wakaifungua wakaisoma. Rejista, karatasi ya kawaida kabisa, ndiyo iliyofanya kazi hapo.

Wa juu zaidi ni Bob Menendez wa Marekani, huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti, kamati inayoshikilia msaada wa kijeshi kwa nchi kama Misri. FBI walipopekua nyumbani kwake 2022 walikuta zaidi ya dola 480,000 taslimu, nyingine zimewekwa kwenye bahasha na ndani ya nguo, na vipande vya dhahabu. Kwenye mashtaka ikaonekana aliwahi kuwaandikia Wamisri barua, kwa siri, barua ya kuwashawishi maseneta wenzake waachie dola milioni 300 za msaada uliokuwa umezuiwa! Yaani mtu anayetakiwa kuipima hoja ya mgeni ndiye anamwandikia mgeni hoja. Na malipo hayakutoka moja kwa moja ubalozini, mzunguko wake ulipita kwa mfanyabiashara ambaye Misri ilimpa ukiritimba wa kuthibitisha nyama ya halali inayotoka Marekani, na mke wa seneta akawa ndani ya mipango. Julai 2024 akakutwa na hatia makosa yote 16, likiwemo la kuwa wakala wa serikali ya nje, na Januari 2025 akafungwa miaka 11. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi msikae kuangalia akaunti ya mwanasiasa peke yake, muangalieni shemeji, mtoto anasomeshwa wapi na nani, mke kapata kazi ya ushauri kwa nani, kaka kapata tenda gani mwezi gani. Hela ya namna hii haipendi kwenda mlango wa mbele.

Na kuna kitu kinaitwa ajira ya baada ya madaraka, hiki mimi nakiogopa kuliko bahasha. Gerhard Schröder akiwa Kansela wa Ujerumani alilisimamia kisiasa bomba la gesi la kutoka Urusi, makubaliano yakasainiwa Septemba 2005, Novemba akatoka madarakani, Desemba ikatangazwa anaenda kuongoza kamati ya wanahisa ya kampuni ya bomba hilo hilo. 2017 akawa mwenyekiti wa bodi ya Rosneft, kampuni ya mafuta ya serikali ya Urusi, akaachia 2022 vita ya Ukraine ikiwa imeshaanza. Kwa sheria ya wakati ule hakuna jela hapo. Lakini wewe jiweke kwenye nafasi ya mwananchi wa kawaida, utajuaje uamuzi uliofanyika akiwa ofisini ulikuwa wa nchi au ulikuwa wa maombi ya kazi? Huwezi kujua, na pengine hata yeye mwenyewe ndani ya moyo wake hawezi kujua. Hapo shaka haihitaji ushahidi wa nia mbaya, mpangilio wenyewe wa mambo umeharibu imani.

Kisa kingine cha huko huko Ujerumani naona kinaelezea vizuri kwa nini macho ya umma huwa yanaangalia pasipo. Willy Brandt, aliyekuja kuwa Kansela wa Ujerumani Magharibi, wapinzani walimsakama miaka mingi kwamba enzi za Hitler alikimbilia Norway, akachukua hadi uraia wa Norway, wakamuuliza hadharani kule nje ulikuwa unafanya nini. Kwao huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Aprili 1972 upinzani ukapeleka hoja ya kumng'oa, wakahitaji kura 249, wakapata 247. Wa kwao wenyewe wamewaangusha. Baadae mkuu wa ujasusi wa Ujerumani Mashariki, Markus Wolf, akathibitisha kwamba mbunge mmoja wa upinzani, Julius Steiner, alilipwa na Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, maki 50,000. Kwa hiyo waliokuwa wanamwita Brandt mtu wa nje ndiyo waliokuwa na mtu wa nje kwenye benchi lao. Haijaisha. Aprili 1974 msaidizi wa Brandt mwenyewe ofisini, Günter Guillaume, anakamatwa, kumbe jasusi wa Stasi hiyo hiyo, na mwezi uliofuata Brandt anajiuzulu. Ujasusi huo huo uliomuokoa 1972 bila yeye kujua ndio uliomuangusha 1974. Kikulacho kinguoni mwako, na nguoni ni kwa yule anayeshika faili, anayepanga ratiba, anayejua bosi ana shida gani ya pesa. Nchi kubwa zikitaka siri mara nyingi hazina haja ya kumfuata anayepiga kelele jukwaani, huyo anaonekana mno.

Swali lako la pili, kwamba mbona wanaokopa hawaitwi vibaraka. Hapa nakuunga mkono ila nirekebishe kidogo. Kukopa siyo kuuza, serikali zote zinakopa, na kukopa China au Ufaransa au Benki ya Dunia hakukufanyi kuwa mtu wao. Kinachouza ni kukopa kwa siri. Msumbiji mwaka 2013 na 2014 watu wachache serikalini waliweka dhamana ya serikali kwenye mikopo ya karibu dola bilioni 2, benki zenyewe Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi, eti ni meli za kuvua jodari na za kulinda pwani. Sehemu kubwa Bunge halikuambiwa. Mwaka 2016 ikagundulika, wafadhili wakasimamisha misaada ya bajeti, shilingi ya kwao, metikali, ikaporomoka, na wanaolipa ni watu ambao hawajawahi kumuona huyo samaki. Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha na ndiye aliyesaini dhamana, alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018, Agosti 2024 mahakama New York ikamkuta na hatia, waendesha mashtaka wakisema alihongwa dola milioni 7, na Januari 2025 akapewa miaka nane na nusu. Sasa nikuulize, kabla ya hapo nani alikuwa anamwita kibaraka wa mabeberu? Alikuwa waziri wa chama kilichopigania uhuru. Neno hilo lina tabia ya kuwafuata walio nje ya madaraka, wakati sahihi zinazofunga nchi miaka ishirini wanazo walio ndani.

Usitegemee sana na sheria za "mawakala wa nje" nazo kama suluhisho. Marekani ilitunga ya kwake 1938 kwa hofu ya propaganda za Wanazi, inadai anayefanya kazi kwa niaba ya serikali ya nje ajiandikishe aseme analipwa shilingi ngapi na nani, basi. Urusi ikatunga ya kwake 2012 nayo ikaishia kuwabandika hilo jina waangalizi wa uchaguzi na watetezi wa haki za binadamu, na waandishi wa habari wakafuata. Jina la sheria linafanana, ya kwanza inataka uonekane na ya pili inataka unyamaze. Nchi yoyote ikileta muswada wa namna hiyo kitu cha kuangalia ni kama na mawaziri wamo, au ni wa kuwabana walio nje ya serikali peke yao.

Haya turudi kwa huyo wako. Ile safari ya siku kumi, nani amelipa tiketi na hoteli, na je imeandikwa popote? Kama ameandika, tayari yuko mbele ya wengi. Alipokuwa huko alikutana na nani, alienda na nani, kuna mtu wa chama au wa bunge alikuwepo chumbani au alikuwa anaingia peke yake. Kisha chukua hotuba zake za mwaka kabla ya safari na za baada, usome zote mbili ukiwa umetulia, hasa kwenye mambo ambayo nchi iliyomwalika ina maslahi nayo, madini, bandari, kambi za jeshi, kura za Umoja wa Mataifa, tenda za silaha. Kama msimamo haujasogea, achana na makelele. Kama umesogea, mpe nafasi aeleze, mtu anaruhusiwa kubadili mawazo akiona kitu kipya, lakini atueleze alichokiona. Akishindwa kueleza, akakujibu kwa matusi au akakwambia wewe ndiye umetumwa, mimi hapo ningeacha kumchangia hela na ningemwambia kwa nini.

Na fanya hayo hayo kwa wanaomtuhumu, mdogo wangu, hii nakuomba kabisa. Wao walisafiri lini, mikataba waliyosaini iko wapi, wako tayari kuiweka mezani isomwe? Anayemtuhumu mwenzake kuuza nchi huku yeye ameficha mkataba wa mkopo kwenye droo, tuhuma yake ichunguze kama ina ushahidi lakini yeye usimfanye kiongozi wako.

Ukifanikiwa kupata rekodi za kura za bunge kwenye jambo moja tu ambalo ile nchi iliyomwalika ililitaka sana, nitumie tarehe na jinsi huyo wako alivyopiga, nitakaa nizisome na nikujibu.